Jinja ramani, Mbale daftari: pa kuanzia kujitangaza kwa simu

Wafanyabiashara wengi wa mashariki mwa Uganda wanaotaka kuingia mtandaoni huanza kwa kuuliza wafungue akaunti wapi. Kijana wa jirani anawasaidia kufungua Instagram, TikTok, X na Facebook kwa mkupuo mmoja, zinapandishwa picha tatu za duka, na mwezi ukiisha akaunti zote nne zimelala usingizi. Kuna swali linalotangulia hilo. Mteja wako anatoka wapi, na siku anapokuhitaji anafanya nini na simu yake?

Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, lakini wateja wao hawafanani hata kidogo. Jinja iko kama kilomita 80 kutoka Kampala. Mwisho wa juma hupokea watu wanaokuja kulala kando ya Nile, kupanda mashua hadi kwenye chanzo cha mto, au kushuka na maboti ya mpira kwenye maji makali. Wengi wao hawamjui mtu hata mmoja mjini. Wanakutafuta wakiwa bado Kampala, au wakiwa wamesimama Main Street simu mkononi, njaa inawauma.

Mbale inaishi kwa biashara. Anayeingia mjini ametoka Kumi, Pallisa, Kapchorwa au Karamoja, au amevuka mpaka wa Lwakhakha kutoka upande wa Bungoma. Alishanunua kwako, au kwa mwenzako wa duka la pili. Anachotaka kujua kabla hajapanda gari ni kama mzigo upo na kama bei imebaki palepale. Huyo hahangaiki na ramani. Anapiga simu, ikiwa namba yako anayo.

Ndiyo maana nasema wa Jinja aanze na ramani, wa Mbale aanze na daftari la namba. Bila shaka zipo nyumba za wageni Mbale zinazotegemea watu waendao maporomoko ya Sipi au mlima Elgon, na hizo zifuate ushauri wa Jinja. Naye fundi wa sare za shule aliyeko Jinja, mwenye wateja walewale kila muhula, afuate wa Mbale.

Kuonekana kwenye ramani

Google inamruhusu mwenye biashara kujisajili bure ili duka lake lionekane kwenye ramani na kwenye majibu ya mtu anayetafuta. Mtu akikupigia akasema ametoka Google na anataka ada ya kukuweka kwenye ramani, kata simu. Jisajili kwa akaunti ya barua pepe iliyo yako mwenyewe. Usitumie ya mpwa wako, kwa sababu siku akienda zake Kampala kutafuta kazi atakwenda na duka lako. Andika jina kama lilivyo kwenye kibao cha mlangoni, basi. Ukiongeza "hoteli nzuri ya bei nafuu Jinja" ndani ya jina, unavunja kanuni za Google na tangazo lako linaweza kusimamishwa.

Kisha weka alama mahali penyewe. Usikae nyumbani ukakisia. Nenda ukasimame mlangoni pa biashara, washa utambuzi wa mahali kwenye simu, kuza picha ya ramani mpaka uone paa lako, ndipo uweke alama. Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba, na maelekezo ya "pita kanisani, ukiona mwembe kata kushoto" humpoteza hata mwenyeji. Ukibonyeza alama yako kwenye ramani utaona mfululizo mfupi wa herufi na tarakimu ambao Google huuita Plus Code. Unakili na uuweke karibu. Ukiutuma kwa mtu wa bodaboda au kwa mgeni, unamfikisha karibu kabisa na mlango.

Panapowakwamisha wengi ni uthibitisho. Siku hizi Google mara nyingi huomba video moja isiyokatwa inayoonyesha mtaa, kibao cha biashara, na kitu kinachothibitisha kuwa wewe ndiye mwenye mali, kwa mfano ukifungua mlango kwa ufunguo wako au ukiingia nyuma ya kaunta. Irekodi mchana, taratibu, na hakikisha maandishi ya kibao yanasomeka. Kama huna kibao, hapo ndipo pa kuanzia: tafuta mchoraji kabla ya kutafuta mtaalamu wa mtandao.

Baada ya hapo, jaza saa za kazi, na uzijaze kwa ukweli. Mgeni aliyesafiri Jumapili kwa sababu ramani ilimwambia umefungua, akakuta kufuli, hatakusamehe, na atayaandika hadharani. Picha ziwe za mlango ukionekana kutoka barabarani, za chakula pamoja na ubao wa bei, za mahali pa kuegesha gari. Ukiwa na vyumba vya kulala, piga picha ya bafu. Kitanda kila mtu anakionyesha. Bafu ndilo linaloamua.

Maneno nayo yaangaliwe. Tangu bwawa la umeme la Bujagali lizinduliwe mwaka 2012, maporomoko yaliyoipa jina sehemu ile yamo chini ya maji. Ukimwahidi mgeni "mandhari ya Maporomoko ya Bujagali" unamuuzia kitu kisichopo. Sema ziwa tulivu, ndege, machweo, kayaki, kwa kuwa hivyo ndivyo atakavyovikuta. Halafu waombe wageni walioridhika waandike maoni yao pale wanapolipa, wakiwa bado wanatabasamu. Usiwape punguzo la bei kwa ajili ya maoni, Google inakataza. Maoni mabaya yajibu kwa adabu na kwa ufupi, maana anayesoma jibu lako ni mgeni wa kesho zaidi kuliko yule aliyekasirika. Tovuti za kukodisha vyumba kama Booking.com na Airbnb zinaleta watu pia, ila hukata fungu lao katika kila malipo, kwa hiyo piga hesabu ya hilo kabla ya kupanga bei.

Daftari la namba

Turudi Mbale. Mali ya kwanza hapa ni laini ya simu ambayo haitabadilika. Isajiliwe kwa kitambulisho cha taifa cha mwenye biashara, kamwe isiwe ya mfanyakazi. Muuzaji mzuri akihama na laini iliyosajiliwa kwa jina lake, amehama na wateja wako wote, na huna pa kumshtaki. Namba iandikwe ikianzia na +256 kila mahali: kwenye kibao, kwenye mfuko wa karatasi, kwenye risiti. Ukiandika 07 peke yake, mnunuzi wa Kitale au Eldoret akiinakili kwenye simu yake ya Kenya haitaita kwako.

Ukishapata laini hiyo, pakua WhatsApp Business. Ni programu ya bure iliyotoka mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, na inakaa kwenye simu moja na WhatsApp yako ya kawaida mradi kila moja iwe na namba yake. Ina katalogi ya kuweka picha na bei, ina salamu inayojituma yenyewe mtu akikuandikia usiku, na ina lebo za kupanga wateja: mpya, amelipa, anadaiwa, wa jumla. Lebo ya "anadaiwa" peke yake inatosha kukulipa gharama ya simu. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili ndani ya mipangilio. Matapeli huiba akaunti kwa kumwomba mtu tarakimu sita zilizotumwa kwenye simu yake "kwa makosa". Tarakimu hizo hazipewi mtu yeyote, hata awe ndugu yako wa damu.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. WhatsApp ina orodha ya kutangazia, unayoweza kuingiza watu hadi 256 na ujumbe mmoja ukamfikia kila mtu faraghani, bila kelele za kundi. Lakini ujumbe huo humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuhifadhi hapati kitu, nawe huoni kosa lolote upande wako. Unabaki kushangaa kwa nini watu wamenyamaza. Kwa hiyo kazi yako kubwa ya masoko inafanyika kaunta, wakati mteja anasubiri chenji. Mwombe namba, mbipu papo hapo, kisha umwambie: "Mama, hiyo ndiyo namba yetu, tafadhali iandike Vitenge Mbale, nguo mpya zikifika nikutumie picha." Subiri mpaka aandike. Akiondoka bila kukuhifadhi, umeuza mara moja tu.

Namba hizo ziandikwe pia kwenye daftari la karatasi, pamoja na jina, mji anaotoka na alichonunua. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti yote nchini ilizimwa jioni ya tarehe 13 na ikarudi tarehe 18. Siku hizo aliyekuwa na wateja wake ndani ya WhatsApp tu hakuwa na mteja. Mwenye daftari aliendelea kupiga simu za kawaida.

Yale mazungumzo yenyewe

Mtu akishakuandikia, mtandao umemaliza kazi yake na biashara ya kale imeanza. Tazama mfano wa muuza gomesi na mteja wake:

"Habari za saa hizi, Hajati. Ile gomesi ya kijani bado ipo?"

"Salama dada, karibu sana. Ya kijani iliondoka Jumamosi. Ipo ya zambarau na ya dhahabu, 90,000 pamoja na mshipi wake. Nikutumie picha?"

"Tuma. Tuna kwanjula Jumamosi ijayo, niko Pallisa."

"Hongereni! Nikiweka kwenye taksi ya Alhamisi asubuhi, mchana unayo mkononi. Tanguliza nusu kwa namba hii hii, jina litakalotokea ni langu. Namba ya dereva nitakutumia."

Angalia alichofanya Hajati. Amesalimu. Amesema ukweli kwamba ya kijani imekwisha, na hapohapo ameonyesha kilichopo. Bei ameitaja bila kuulizwa na ameeleza inajumuisha nini. Amesema siku mzigo utakapofika, na amemwondolea mteja hofu ya kutuma pesa kwa mtu asiyemjua. Linganisha na ile tabia ya "bei njoo inbox", ambayo mimi naiona ni kumfukuza mteja kwa upole. Anayeficha bei hudhaniwa anapima mfuko wa mtu kabla ya kuitaja, na mara nyingi hilo ndilo analofanya.

Lugha nayo chagua kwa mteja. Kiingereza kinamfaa mtalii na ofisi. Lakini mnunuzi wa jumla kutoka vijijini Bugisu huenda asisome ujumbe mrefu kwa lugha yoyote, ilhali sauti ya nusu dakika kwa Lugisu ataisikiliza mara mbili na atamsikilizisha jirani. Vivyo hivyo Lusoga upande wa Jinja. Kiswahili kinakufikisha kwa Wakenya, kwa askari na kwa wafanyabiashara wa Karamoja.

Usimtumie mtu video nzito asizoziomba. Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii Julai 2018. Mwaka 2021 iliondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Video yako ya dakika tatu mteja anailipia kutoka mfukoni mwake. Picha mbili safi zinatosha, zilizopigwa asubuhi karibu na mlango, kitambaa kimetandazwa juu ya shuka jeupe au mkeka, bila vitu vya watu nyuma. Stetasi za WhatsApp hupotea baada ya saa 24, na huo ndio uzuri wake: weka mzigo wa leo, kesho weka mwingine.

Facebook na mengineyo

Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, na wanaoifungua wanapitia VPN. Hiyo haina maana kwamba ukurasa wako hauna faida. Mtalii wa Ulaya, Mkenya wa Nairobi na Mganda aliyeko nje wanaiona Facebook kama kawaida. Ukiuza safari za Nile au kahawa ya arabika ya Elgon iliyopakiwa kwa zawadi, endelea nayo. Ukiuza saruji Mbale, achana nayo kabisa.

Instagram na TikTok hazikufungiwa kwa namna hiyo. Instagram inafaa vitu vya kutazamwa: vyumba, keki, nguo, mandhari. TikTok inafaa kazi inayoonekana ikifanyika, kama chapati ya rolex inavyopinduliwa na kukunjwa na mayai yake, au kahawa ikikaangwa. Chagua mtandao mmoja tu. Redio haijafa vilevile. Watu wa Mbale bado wanasikiliza Step FM na Open Gate, na wa Jinja Baba FM, na tangazo fupi linalorudia namba yako mara mbili huwafikisha watu WhatsApp kuliko unavyodhani.

Matangazo ya kulipia yaache mpaka ramani na daftari vimekaa sawa. Kumlipia mtu aje kwenye akaunti isiyojibu ujumbe ni kutupa fedha.

Kulipwa

Mteja wa mbali analipa kwa simu, na wateja wako wako MTN na Airtel pia, kwa hiyo pokea pande zote mbili. Jisajili upate namba ya mfanyabiashara (MTN wanaiita MoMoPay, na mteja hulipa kwa *165*3#), uibandike ukutani na kwenye katalogi. Faida yake ni kwamba pesa za duka hazichanganyiki na za ada ya watoto. Serikali hutoza nusu ya asilimia moja kwenye pesa unazotoa taslimu, kwa hiyo ukiweza kumlipa mwenye mzigo wako moja kwa moja kutoka kwenye simu, unaokoa. Na usiachie mzigo kwa sababu umeonyeshwa ujumbe wa "pesa zimetumwa". Ujumbe unaghushiwa. Angalia salio lako mwenyewe ndipo umpe dereva kifurushi.

Wakati na ruhusa

Panga matangazo kwa kalenda ya hapa. Mihula ya shule huanza Februari, Mei na Septemba. Mshona sare aanze kutuma picha wiki tatu kabla, siku ya kufungua ni kuchelewa. Imbalu, sherehe za tohara za Wagisu, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili na hufunguliwa Agosti katika uwanja wa Mutoto, Mbale. Wenye mahema, vyakula, ngoma na fulana wajitangaze kuanzia Juni, wakati familia zinapanga nani atarudi nyumbani. Jinja ina tamasha la Nyege Nyege lililoanza 2015. Mara tarehe zikitangazwa, mwenye vyumba aandike bei zake siku hiyohiyo na asizibadilishe mgeni akishafika. Mavuno ya arabika yakipamba moto mwishoni mwa mwaka, wakulima wana pesa, na muuza mabati anayejua hilo hatangazi Mei.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Mwombe mteja ruhusa ukichukua namba yake, na akisema "niondoe", muondoe siku hiyo bila maswali. Namba za wateja haziuzwi wala haziazimwi kwa rafiki mwenye duka la simu. Picha za watu ni vilevile: kijana wa imbalu hawi bango lako kwa sababu tu alipita mbele ya duka akicheza.

Mwisho, chora safu moja zaidi kwenye lile daftari. Kila mteja mgeni muulize alikujuaje, uandike neno moja: ramani, WhatsApp, redio, rafiki, alipita tu. Fanya hivyo miezi miwili kisha hesabu. Neno TikTok lisipotokea hata mara moja, acha TikTok. Na ukikuta "alipita tu" zimezidi nyingine zote, bando la wiki hii ligeuze rangi ya kibao.